Akupancha ya umeme kwa maumivu sugu: huduma hii ikipimwa kwa kemia ya ubongo

Huduma tunayoitathmini ni ile inayotolewa kwenye kliniki nyingi za maumivu na za mazoezi ya viungo: mgonjwa analala kitandani, anachomwa sindano nyembamba 6 hadi 14, baadhi yake zinaunganishwa na mashine ndogo ya umeme, anakaa hivyo nusu saa, kisha anapangiwa siku ya kurudi. Tunaipa nyota 4 kati ya 5 kwa maumivu sugu ya goti lililochakaa, ya shingo, ya bega na ya kichwa kinachojirudia, mradi dozi iwe kamili. Ikifanywa harakaharaka, sindano zikachomwa juujuu na mashine ikawashwa kwa mazoea tu, tunaipa nyota 2. Na kwa anayetaka ichukue nafasi ya daktari kutafuta chanzo cha maumivu yenyewe, hatuipi hata moja.

Kinachotenganisha nyota 4 na nyota 2 hakihusiani na mchoro wa mikondo ya nishati ya jadi ya Kichina uliobandikwa ukutani. Kuna maswali manne tu: je, sindano imeifikia neva? Imekaa muda gani ikichokozwa? Umeme unapiga mara ngapi kwa sekunde? Vikao vimepishana siku ngapi? Kila swali lina jibu lake kwenye kemia ya mwili, na mgonjwa akiijua kemia hiyo kidogo tu anaweza kuikagua huduma akiwa amelala palepale kitandani.

Tuanze na neva. Sindano ikivuka ngozi na kuingia kwenye msuli huamsha nyuzi nyembamba za neva zinazobeba hisia za uzito na kuuma kwa chini kwa chini. Habari hupanda kupitia uti wa mgongo hadi kwenye haipothalamasi na kwenye eneo la kijivu linalozunguka mfereji wa ubongo wa kati. Kutoka huko amri hushuka tena kupitia viini vya shina la ubongo, vingine vikitumia serotonini na vingine noradrenalini, mpaka pembe ya nyuma ya uti wa mgongo. Hapo ndipo ishara ya maumivu kutoka gotini au kiunoni hupokewa kabla ya kupandishwa ubongoni, na hapo ndipo enkefalini na dainofini, ambazo ni mofini za mwili wenyewe, huibana isipite kwa nguvu ile ile.

Ushahidi kwamba mofini hizo zinahusika ulikuja kwa mfululizo wa karibu sana. Mwaka 1973 Candace Pert na Solomon Snyder walionyesha kwamba ubongo una vipokezi vya mofini, yaani sehemu za seli ambapo mofini hukaa ili ifanye kazi. Mwaka 1975 John Hughes na Hans Kosterlitz, wakiwa Aberdeen, wakazipata enkefalini zinazokaa kwenye vipokezi hivyo. Mwaka 1976 Bruce Pomeranz na mwenzake walionyesha kwamba nafuu ya akupancha kwa panya hufutwa na naloksoni, dawa ile ile inayotumika kumzindua mtu aliyezidisha heroini kwa sababu inaiondoa mofini kwenye vipokezi vyake. Mwaka uliofuata David Mayer na wenzake wakapata matokeo hayo kwa binadamu, wakipima maumivu ya jino. Kwa hiyo anayetumia naltrekisoni, ndugu wa naloksoni, kwa ajili ya kuacha pombe au dawa za kulevya, amwambie mtibabu mapema. Vipokezi vyake vimeshazibwa, na sehemu kubwa ya anachokifuata kwenye kikao haitakuwa na pa kutua.

Mwaka huo huo wa 1973 lilitoka jaribio ambalo tunaliona bado ndilo kipimo bora cha huduma hii. Kikundi cha Han Jisheng huko Beijing kiliwachoma watu wenye afya sindano kwenye nukta ya Hegu (nukta ni mahali ambapo jadi ya akupancha huelekeza sindano ichomwe), ile nyama iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, kikapima ngozi yao inastahimili maumivu kiasi gani katika sehemu mbalimbali za mwili. Ustahimilivu ulipanda polepole na kufika kilele kati ya dakika 20 na 40. Sindano zilipotolewa, ukapungua kwa nusu kila dakika 16 hivi. Na walipotanguliza dawa ya ganzi, prokaini, ndani kabisa kwenye nukta ile, hakuna kilichopanda. Neva ikishalazwa, sindano haina wa kuzungumza naye.

Kutokana na hapo, dakika 10 za sindano ni huduma iliyokatwa katikati, kwa kuwa kemia ndiyo kwanza inaanza kupanda. Saa ihesabiwe tangu uchokozi unapoanza, isihesabiwe tangu unapovua viatu. Vilevile mguu uliokufa ganzi kwa sababu ya kisukari si mahali pa kuchoma: neva hazipeleki habari vizuri, na kidonda kikianza mgonjwa anaweza asikihisi. Mtibabu makini humgusa mgonjwa kwanza kwa pamba na kwa ncha butu kabla ya kuchagua mahali. Asiyefanya hivyo tunamkata nyota nzima.

Dalili kwamba neva imefikiwa ni ile Wachina wanayoiita deqi: uzito, kujaa, ganzi inayotambaa, maumivu butu yasiyo na mpaka dhahiri. Mtibabu huipata kwa kuizungusha sindano taratibu huku na huko, au kuipandisha na kuishusha milimita chache. Maumivu makali ya kuungua yaliyokaa mahali pamoja hayamo humo. Hayo ni ya ngozi au ya mshipa wa damu uliogongwa, na tiba yake ni kuirudisha sindano nyuma kidogo na kubadili mwelekeo. Mshtuko kama wa umeme unaokimbia hadi kwenye vidole maana yake shina la neva limeguswa moja kwa moja, na hapo mtibabu huivuta sindano mara moja bila kuizungusha. Kuna watibabu wanaowaambia wagonjwa kwamba kila kuuma ni dalili ya nishati kufunguka. Maelezo hayo yana hatari, kwa sababu yanamfundisha mgonjwa kunyamaza pale anapotakiwa kusema.

Kuhusu sindano zenyewe tutasema machache. Za chuma kisichoshika kutu, unene wa milimita 0.25 na urefu wa milimita 30 au 40, zinatosha sehemu nyingi za mwili, na kwa msuli mnene wa tako inahitajika ndefu zaidi. Ziwe kwenye kifungashio kilichofungwa, zitumike mara moja, ziingie kwenye chombo kigumu cha taka kali mbele ya macho yako. Kwa kazi ya umeme mpini uwe wa chuma, kwa kuwa wa plastiki haupitishi umeme, na sindano nyembamba mno zisitumike. Kosa jingine la mara kwa mara ni sindano iliyochomwa juujuu kisha ikabebeshwa kibanio kizito cha waya: inalala, inatoka nusu, na mgonjwa anabaki akichomwachomwa ngozi bila msuli kuguswa.

Sasa mashine, na hapa ndipo huduma nyingi huharibika. Kazi ya Han na wenzake kwa miaka mingi ilionyesha kwamba mwili hautoi kemikali ile ile kwa kila kasi ya mapigo. Mapigo 2 kwa sekunde huachilia enkefalini, beta-endofini na endomofini, ambazo hukaa kwenye vipokezi vya aina ya myu na delta. Mapigo 100 kwa sekunde huachilia dainofini kwenye uti wa mgongo, ambayo hukaa kwenye vipokezi vya kapa. Ndiyo maana naloksoni kidogo tu hufuta nafuu ya mapigo 2, wakati nafuu ya mapigo 100 inahitaji dozi kubwa zaidi mara nyingi. Mwaka 1991 Han alionyesha mgawanyo huo hata kwa binadamu, kwa kupima majimaji ya uti wa mgongo ya wagonjwa kabla na baada ya kuchokozwa kwa kasi hizo mbili.

Kwa mtumiaji, hili lina matumizi ya moja kwa moja. Mashine ikipiga mapigo 2 na 100 kwa kupokezana, kila kasi sekunde 3, mwili hupata makundi yote ya mofini zake ndani ya kikao kimoja, na yakifanya kazi pamoja nafuu huwa kubwa kuliko ya kasi moja peke yake. Kwenye mashine nyingi mpangilio huu upo, ila hauwi ule mashine inaoanza nao ikiwashwa, na mtibabu mwenye haraka huacha kile alichokikuta. Muulize bila aibu: umeweka ngapi? Asiyeweza kujibu swali hilo hajui anakupa kemikali gani.

Upana wa pigo uwe kati ya milisekunde 0.2 na 0.6. Mkondo mara nyingi huangukia kati ya miliampia 1 na 3, lakini namba hiyo isiabudiwe. Kipimo halisi ni mwili: kwenye mapigo 2 msuli uonekane ukirukaruka kwa macho, na mgonjwa ahisi nguvu inayovumilika bila kukunja uso. Mashine iwashwe kitufe kikiwa sifuri, waya ziunganishwe, kisha nguvu ipandishwe polepole. Baada ya dakika chache hisia hufifia kwa sababu mwili umezoea, na hapo mtibabu anatakiwa kurudi na kupandisha tena. Hili la kurudi ndilo tunalolipa uzito mkubwa kuliko mapambo yote ya chumba. Mgonjwa aliyeachwa dakika 30 na mkondo ambao alikoma kuuhisi dakika ya 5 amepata huduma ya dakika 5. Umeme uwe wa kwenda na kurudi kwa usawa, kwa sababu unaokwenda upande mmoja tu hula chuma cha sindano na kuunguza tishu. Jozi ya sindano zilizounganishwa ikae upande mmoja wa mwili, mkondo usivuke kifua. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiunganishwe na mashine hii kabisa.

Wapo wanaodhani kwamba kama nusu saa ni nzuri basi saa 2 ni bora, na kila siku ni bora zaidi. Kemia inakataa. Mofini za mwili zikimwagwa kwa muda mrefu, ubongo hujibu kwa kutoa kolesistokinini, kemikali inayozipinga. Panya waliochokozwa kwa saa nyingi mfululizo waliizoea akupancha hadi ikaacha kuwasaidia, na dawa ya mofini waliyodungwa nayo ikapungua nguvu kwao. Kwa hiyo vikao vya dakika 30, mara 1 au 2 kwa wiki, ndiyo ratiba yenye akili. Kliniki inayouza kifurushi cha kila siku kwa mwezi mzima inauza zaidi ya kile mwili unachoweza kupokea.

Kuna kemikali nyingine ambayo haianzii ubongoni kabisa. Mwaka 2010 kundi la Maiken Nedergaard katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, liliwachoma panya kwenye nukta ya Zusanli, chini ya goti kwa nje, sindano ikizungushwa kila baada ya dakika 5 kwa nusu saa. Adenosini iliyokuwa kwenye tishu karibu na sindano ilipanda takribani mara 24. Panya waliozaliwa bila kipokezi chake cha A1 hawakupata nafuu yoyote, na walipopewa dawa inayochelewesha kuvunjwa kwa adenosini, wale wenye kipokezi walipata nafuu iliyodumu karibu mara 3 ya kawaida. Nafuu hii ilikuwa ya upande ule ule uliochomwa. Tunapenda mpango unaochanganya mambo mawili: sindano chache karibu na panapouma kwa ajili ya adenosini, na nyingine zenye umeme kwenye misuli mikubwa ya mkono au mguu kwa ajili ya mofini za ubongo na uti wa mgongo. Pia sindano isiyo na umeme isiachwe tu kama msumari ukutani. Izungushwe kila baada ya dakika chache, kwa sababu ni ule mzunguko unaovuta tishu na kuachilia adenosini. Na kwa kuwa kafeini huziba vipokezi vya adenosini, tunamshauri mgonjwa asinywe kahawa wala chai kali saa chache kabla ya kikao. Ushahidi wa hili ni wa wanyama, ila ushauri wenyewe haugharimu kitu.

Hadi hapa mtu anaweza kudhani kila kitu kimethibitishwa na ramani ya jadi ya nukta 361 za akupancha imepata cheti. Sivyo, na tathmini isiyosema hivi haina uaminifu. Katika jaribio kubwa la Ujerumani lililotolewa mwaka 2007, wagonjwa 1,162 wa maumivu ya kiuno waligawanywa makundi matatu. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu walikuwa asilimia 47.6 kwa akupancha halisi, asilimia 44.2 kwa sindano bandia zilizochomwa juujuu mahali pasipo nukta, na asilimia 27.4 kwa matibabu ya kawaida. Mkusanyiko wa Andrew Vickers na wenzake wa mwaka 2018, wenye majaribio 39 na wagonjwa 20,827, ulionyesha mwelekeo huo huo: akupancha inaishinda ile ya bandia kwa tofauti iliyo ya kweli lakini ndogo, na inawashinda wasiochomwa kwa tofauti kubwa zaidi. Baada ya mwaka 1 nafuu ilikuwa imepungua kwa takribani asilimia 15 tu.

Kwa nini bandia inasaidia karibu sawa? Sehemu ya jibu ni kwamba matumaini yenyewe yana kemia. Mwaka 1978 Jon Levine, Newton Gordon na Howard Fields walionyesha kwamba nafuu ya dawa isiyo na kitu, kwa watu waliong'olewa meno, inazimwa na naloksoni. Kwa hiyo anayekuambia "endofini zimethibitishwa, basi nukta zangu ni sahihi" ameruka hatua: endofini, yaani hizo mofini za mwili, hutoka hata kwa imani. Sehemu nyingine ni kwamba sindano ya juujuu nayo huchokoza neva za ngozi, hivyo haikuwa bandia kamili tangu mwanzo.

Hata hivyo kuna jaribio dogo linalotuzuia kusema kwamba zote mbili ni kitu kimoja. Mwaka 2009 Richard Harris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan waliwapiga wanawake 20 wenye faibromialjia (ugonjwa wa maumivu sugu ya mwili mzima) picha za ubongo zinazoonyesha vipokezi vya myu, kabla na baada ya wiki 4 za tiba. Kwa waliochomwa sindano halisi, vipokezi vilivyo tayari kupokea viliongezeka katika maeneo kadhaa ya ubongo, ndani ya kikao na baada ya wiki hizo. Kwa wa bandia havikuongezeka. Maumivu yalipungua kwa makundi yote mawili. Tunaliona jaribio hili kuwa la thamani kwa sababu linagusa fumbo ambalo dakika 16 za Beijing zinaliacha wazi: kama kemikali za kikao zinapungua kwa nusu kila robo saa, nafuu ya miezi inatoka wapi? Mabadiliko ya vipokezi vyenyewe, yanayojengeka kikao baada ya kikao, ni jibu linaloelekea. Ndiyo sababu kikao kimoja si kipimo cha huduma hii, kama ambavyo siku moja ya mazoezi si kipimo cha msuli.

Fundisho la kifedha hapa liko wazi. Usilipe zaidi kwa ajili ya mtu anayedai kuwa na nukta za siri. Lipia mikono safi, dakika kamili, mashine iliyopangwa vizuri, na mtu anayerudi kuangalia.

Usalama tutaupitia haraka, kwa sababu kwa mtibabu aliyefunzwa madhara makubwa ni nadra. Michubuko na kizunguzungu ndiyo ya kawaida, na kizunguzungu hupungua sana mgonjwa akiwa amelala na amekula. Hatari kubwa inayotajwa sana ni sindano kulifikia pafu, hewa ikajaa kifuani na pafu likanywea. Sindano za juu ya mabega, mgongoni na kifuani ziinamishwe, zisizamishwe wima. Kifua kikibana au pumzi ikikata, hata saa kadhaa baadaye, nenda hospitali na useme ulichomwa wapi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema. Mjamzito hachomwi Hegu, kwa tahadhari ya muda mrefu ya watibabu wenyewe.

Mashirika ya afya nayo hayakubaliani kwa kila ugonjwa. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, iliiondoa akupancha kwenye mwongozo wake wa maumivu ya kiuno mwaka 2016, kisha mwaka 2021 ikairuhusu ifikiriwe kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo kingine, kozi moja isiyozidi saa 5 za mtaalamu. Kwa hiyo mwenye kiuno aanze na mazoezi, sindano ziwe nyongeza.

Kabla ya kikao cha kwanza, andika kila siku kwa wiki moja maumivu yako kati ya 0 na 10, saa ile ile. Endelea kuandika. Baada ya vikao 6 vya dozi kamili, wastani ukiwa umeshuka kwa pointi 2 au zaidi, maliza kozi ya vikao 10 kisha vipishanishe kwa muda mrefu zaidi. Usiposhuka, acha. Hata panya wa maabara wapo wasioitikia akupancha, na walipochunguzwa ilionekana kolesistokinini ndiyo inayowazuia: watafiti walipoipunguza ubongoni mwao, wakaanza kuitikia kama wenzao. Kliniki haina njia ya kukupunguzia hiyo, na mtibabu atakayependekeza aongeze sindano kutoka 10 hadi 20 hatakuwa amegusa tatizo.